Damu Yetu, Hati ya Nani?



Hapa Upper Hill, penye Hospitali ya Kenyatta na skuli ya uganga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, tuna funzo letu. Tangu mwaka 1985 akina mama wa Majengo, Pumwani, walitoa damu ichunguzwe. Wachache wao hawakushikwa na UKIMWI. Kwa elimu hiyo wataalamu wa Nairobi na Oxford waliunda chanjo. Hati ya uvumbuzi ikaandikishwa Uingereza bila Nairobi. Wenzetu wakateta mwaka 2000, hati ikasahihishwa. Chanjo ilijaribiwa hapa mwaka 2001, haikufaulu. Na akina mama wa Majengo je? Ndugu, mapatano huandikwa kabla ya kazi, si baada ya mavuno.

Umoja ni nguvu.