Kutu Haifichwi kwa Rangi



Nilipokuwa fundi mchanga katika kiwanda cha jamu, niliipaka rangi nyumba ya beringi iliyoshika kutu juu ya pipa la kukorogea. Ikapendeza. Lakini mashine ilioshwa kila jioni kwa maji ya moto. Rangi ikabanduka, magamba yakaangukia ndani ya jamu. Niliogopa kufukuzwa, lakini nilizima mashine nikakiri kosa. Jamu yote ya siku ile ilimwagwa.

Tangu hapo, penye chakula nafunga nyumba ya chuma kisichoshika kutu, isiyopakwa rangi, yenye mpira mzima wa kuzuia maji, na grisi maalumu ya mashine za chakula.

Vijana, kutu haifichwi kwa rangi, wala kosa kwa kunyamaza.