Kuondoa Rangi ya Kucha Nyumbani bila Kujidhuru
(Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa, Ifakara)

Jambo tulilokuja nalo huenda likaonekana dogo mbele ya mpunga na bei ya mbolea: ni namna ya kuondoa rangi ya kucha nyumbani. Hata hivyo linatuhusu sote, kwa kuwa rangi hiyo na dawa ya kuifutia ni vipodozi, na tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa vipodozi nchini umekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania.

Haja ya kuiondoa rangi aghalabu huja ghafla. Kijana mwenye kikapu cha rangi amepita mtaani na kumpaka binti kucha nyekundu kwa bei nafuu. Jumapili jioni binti anakumbuka kwamba kesho shule inafunguliwa. Mama anataka kutia udhu, na maji hayapenyi kwenye rangi. Mgonjwa anaandaliwa kwa upasuaji, na muuguzi anataka kucha zake ziwe wazi, kwa sababu kifaa cha kupimia oksijeni hubanwa kwenye kidole na rangi nzito yaweza kukipotosha. Katika haraka hiyo ndipo mtu hushika wembe, au humwomba dereva wa bodaboda petroli kidogo, au hupita gereji kutafuta tina.

Rangi ya kucha ikikauka huwa utando mgumu, ambao kwa kawaida umetengenezwa kwa nitroselulosi. Utando huo hauyeyuki kwa maji, wala kwa ndimu, wala kwa siki. Mchanganyiko wa ndimu na siki unaosifiwa sana hufanya kazi ndogo tu: maji ya vuguvugu hulegeza kingo za rangi, na kilichobaki ni nguvu ya mikono ya mwenye kusugua. Tindikali yenyewe huchoma penye mipasuko, na mikono iliyotoka kupalilia haikosi mipasuko. Petroli ni mbaya zaidi, kwani haiyeyushi vizuri nitroselulosi, ilhali ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Tina huyeyusha kweli. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya rangi za magari, mara nyingi ina toluini, na ikishapimwa kwenye chupa ya maji hakuna ajuaye kilichomo.

Basi kipi kinafaa? Njia ya kwanza inawashangaza wengi: pakeni rangi mpya, tabaka nene, juu ya ile ya zamani, kisha futeni zote mbili mara moja kwa pamba kabla haijakauka. Viyeyushi vilivyomo katika rangi mbichi huilainisha ile iliyokauka. Rudieni mara mbili au tatu. Njia ya pili ni spiriti ya kusafishia ngozi inayouzwa katika maduka ya dawa, yenye alkoholi ya asilimia 70. Pakeni kwanza mafuta ya nazi au ya alizeti kwenye ngozi inayozunguka ukucha, lowesheni pamba kwa spiriti, ikandamizeni juu ya ukucha kwa dakika kadhaa, ndipo mfute. Itachukua muda, na huenda mkarudia. Kama lebo inataja methanoli, msiitumie kabisa. Mkimaliza, nawieni sabuni na mpake mafuta tena. Rangi ya jeli iliyokaushwa kwa taa haitoki kwa njia hizi. Aliyeipaka saluni arudi saluni, wala asiibandue, kwa kuwa huondoka na tabaka la ukucha.

Wanaotumia dawa ya dukani waelewe kwamba nyingi zina asetoni. Asetoni hukausha ngozi na kucha, lakini hilo ni dogo ukilinganisha na moto. Hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Sembuse katika joto la bonde hili. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na waweza kulifikia jiko la mkaa au kibatari kilicho mbali na chupa. Spiriti nayo huwaka. Kwa hiyo kazi hii ifanyike barazani au penye madirisha wazi, mchana, mbali na moto na sigara, na pamba zilizotumika zisitupwe jikoni.

La mwisho ni watoto, na hapa tunaomba mtuvumilie tukienda mbali kidogo. Mwaka 1988 madaktari nchini Marekani waliandika habari za mtoto aliyefariki baada ya kumeza dawa ya kuondolea kucha za bandia. Dawa hiyo ilikuwa na asetonitraili, ambayo mwili huigeuza kuwa sianidi, sumu ileile inayotoka katika mihogo michungu isiyoandaliwa vema. Ilidhaniwa kuwa ni kiondoa rangi cha kawaida. Jina la asetonitraili likiwa kwenye lebo, iacheni dukani. Na kopo lisilo na lebo, lisilotaja mtengenezaji, viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, liacheni vilevile, hata kama muuzaji ni jirani yenu.

Wala msimimine dawa hii, wala spiriti, katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto aliyezoea kunywa humo hataisoma harufu kama mtu mzima anavyoisoma. Akimeza, msimlazimishe kutapika, kwa sababu kinachorudi kinaweza kuingia mapafuni. Msimpe kitu cha kunywa kwa kudhani mnaipunguza sumu. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima, na mchukue chupa yenyewe, kwa sababu daktari atataka kujua alichokimeza.

Tumekuja na chupa kadhaa tupu zenye lebo. Tunaomba mzipitishe kwa mwenzenu wa pembeni, kisha tutapokea maswali.