Betri na Gesi Chomboni: Mazungumzo na Manahodha wa Lamu



Naanza na gesi, kwa maana betri ikikufelisha utakosa taa na friji. Gesi haina msamaha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipeperuki, hushuka hadi ngamani na kutulia humo, ikingoja cheche ya pampu au kiberiti cha chai ya alfajiri. Kwa hivyo mtungi ukae juu, penye upepo, umesimama na kufungwa imara. Mkimaliza kupika, fungeni kwenye mtungi, si kwenye jiko pekee. Mpira wake upakeni povu la sabuni. Ukitoa viputo, badilisheni. Na mkinusa gesi, msiguse swichi yoyote, hata ya kuzima.

Sasa betri. Hizi za maji, za volti 12, zikipumzika na kusoma 12.2, zimebaki takriban nusu. Zimeni friji hapo. Betri inayokaushwa kila safari haidumu. Maji yakipungua ongezeni maji ya betri yanayouzwa madukani. Ya bahari, hata siku ya dhiki, hapana: chumvi ikiingia humo hutoa klorini, hewa ya sumu. Vichwa vikiota ungaunga, fungueni waya wa hasi kwanza, sugueni kwa maji moto yenye magadi, kausheni, pakeni grisi.

Fyuzi nayo iwe karibu kabisa na betri. Nimeona zimewekwa huko kwenye taa, na waya wote wa katikati hauna ulinzi.