Pikipiki ya Umbo la Zamani, Tope la Migato
Msikilizaji wa Migato, pesa ya pamba ikiingia, macho huvutwa na pikipiki za umbo la zamani: taa ya duara, tangi linalong'aa. Royal Enfield Classic 350, inayotengenezwa India, inapendeza kwelikweli. Lakini ina uzito wa kilo 195. Mvua zikinyesha, udongo wetu mweusi wa mbuga hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome. Hapo utaisukuma peke yako? Kabla ya kulipa, ikalie, uone kama miguu yote miwili inakanyaga chini. Muulize fundi wako kama vipuri vyake vinapatikana Bariadi. Injini inazidi cc 125, kwa hiyo leseni iwe ya daraja A. Kama kazi yako ni kubeba magunia, nunua Boxer.