Pikipiki Mpya Mlangoni

Leo nataka tufikiri pamoja habari ya jambo ambalo halimo katika vitabu vya mahubiri, lakini limo katika nyumba nyingi za washirika wetu. Ni habari ya kununua pikipiki mpya, ile inayoletwa na gari mpaka nyumbani.

Zamani mtu akitaka pikipiki alipanda basi mpaka mjini, akazunguka madukani kutwa nzima, kisha akairudisha mwenyewe na vumbi lote la njiani. Siku hizi wakala huja sokoni na karatasi zake, au habari zapatikana katika simu. Kijana hujaza fomu, hutuma malipo ya kwanza kwa simu hiyo hiyo, na baada ya siku chache gari laingia uani likiwa na mzigo nyuma. Watoto hukimbia kutoka kila boma. Mama huacha chungu motoni. Hata mzee ambaye hakuitaka tangu mwanzo hutoka na fimbo yake aje atazame.

Sisemi haya kwa kudharau. Pikipiki imewafaa watu wetu sana. Jina boda boda lenyewe lilitoka pande za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 watu walichukuliwa kwa baiskeli kutoka kituo kimoja cha mpakani mpaka cha pili. Baadaye injini ikachukua mahali pa miguu. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki zenye injini isiyozidi cc 250, na tangu hapo zimeenea mpaka vijiji ambavyo matatu haijafika. Mama mjamzito hufikishwa hospitali usiku. Maziwa hufika kwa wakati. Kijana aliyekaa bila kazi tangu amalize shule hupata chakula chake. Nani atakayesema ni vibaya?

Walakini gari lile linapoingia uani, mambo makubwa yamekwisha kuamuliwa. Hayo ndiyo nataka tuyatazame.

Jambo la kwanza ni ng'ombe. Naona wengine mnacheka, kwa sababu mnajua ninakokwenda. Malipo ya kwanza hutoka wapi? Kijana hana akiba. Basi huja jioni, akakaa karibu na mama yake jikoni, akasema, "Mama, nisaidie ng'ombe mmoja tu. Nitakununulia wawili." Na mama, kwa kuwa ni mama, moyo wake umekwisha kukubali kabla mdomo haujasema neno. Lakini ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akilipa karo ya binti aliye kidato cha pili. Maziwa yake ndiyo sare yake, ndiyo madaftari yake, ndiyo nauli ya kurudi shuleni muhula ukifunguliwa. Ng'ombe akiuzwa Jumatatu na pikipiki ikafika Ijumaa, msichana yule amelipia pikipiki ya kaka yake, na hakuna mtu aliyemwuliza.

Siwaambii msiuze ng'ombe. Huenda kweli pikipiki ikaleta zaidi ya maziwa. Nasema, mkae chini nyumba nzima, baba, mama, kijana, na msichana huyo naye awepo, kwa maana ni karo yake inayozungumzwa. Aulizwe. Kisha iandikwe katika daftari ya nyumbani ni nani atakayelipa karo ya muhula ujao, na kwa fedha zipi. Kijana akiona vigumu kuliandika neno hilo mbele ya dada yake, hapo mzazi amejua jambo ambalo wakala hawezi kumwambia.

Mnaujua mfano wa yule mjenzi wa mnara, katika Injili ya Luka sura ya 14. Mara nyingi twauhubiri juu ya mambo ya rohoni, na ni sawa. Lakini Bwana wetu alikuwa akisema na watu waliojua bei ya mawe. Nami leo nataka tuhesabu kama watu hao.

Tuseme bei ya pikipiki kwa fedha taslimu ni Sh. 180,000. Hii ni hesabu ya mfano tu; wewe tia bei uliyopewa. Tuseme wakala ataka malipo ya kwanza ya Sh. 30,000, kisha Sh. 450 kila siku kwa miezi 18. Kijana asikia "mia nne na hamsini" na aona ni kidogo, maana kwa siku njema hupata zaidi ya hiyo kabla ya saa nne asubuhi. Lakini chukua kalamu. Miezi 18 ni kama siku 547. Mara Sh. 450, ni Sh. 246,150. Ongeza yale malipo ya kwanza, utapata Sh. 276,150. Basi pikipiki ya Sh. 180,000 imenunuliwa kwa Sh. 276,150. Hizo Sh. 96,150 za juu ni bei ya kungojewa. Huenda zafaa kulipwa; mtu asiye na fedha hulipa bei ya kungojewa tangu zamani. Lakini azijue kwa tarakimu kabla ya kutia sahihi. Wakala akikuambia malipo ya kila siku peke yake, mwulize jumla. Akizungukazunguka, ngoja kwanza.

Na katika hesabu hiyo hakuna petroli, wala oili, wala matairi, wala bima, wala siku ya mvua ambayo hakuna abiria, wala juma utakalolala na malaria.

Sasa tazameni jambo jingine lililomo humo. Katika siku 547 kuna Jumapili 78. Daftari la deni halina Jumapili. Sh. 450 za siku hiyo zatakiwa kama za Jumanne, na Jumapili zote pamoja ni Sh. 35,100. Wachungaji wengi husikitika kwamba vijana wa pikipiki hawaonekani ibadani, wakawaita wavivu wa mambo ya Mungu. Sidhani ni uvivu. Wengine wamesimama nje ya lango la kanisa wakingoja abiria wa kutoka ibadani, kwa sababu simu itawaambia jioni kwamba malipo hayajafika. Katika ile amri ya siku ya kupumzika hata ng'ombe na punda walikumbukwa. Mwenye deni la kila siku hakujikumbuka mwenyewe.

Je, kuna njia? Iko, na ni ya hesabu vilevile. Sh. 450 kwa siku saba ni Sh. 3,150. Gawanya kwa siku sita, ni Sh. 525. Kijana akiweka Sh. 525 kila siku tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili yake amekwisha kuilipia. Hizo Sh. 75 za zaidi kila siku ni safari moja fupi, au mbili. Lakini ayaweke mazoea hayo tangu juma la kwanza pikipiki ikiwa mpya. Akingoja mpaka deni limlemee hataweza. Tena amwulize wakala mapema kama malipo yapokelewa kwa juma badala ya kwa siku. Wako wanaokubali, ila hawalisemi neno hilo wasipoulizwa.

Na akishindwa kulipa? Watu wengi hudhani kwamba mkopeshaji aweza kuja wakati wowote, usiku au mchana, akaichukua. Kenya tuna Sheria ya Hire Purchase ya mwaka 1968. Kwa mkataba ulio chini ya sheria hiyo, mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili za bei yote, mwenye mali hawezi kumnyang'anya bila kwenda kortini. Katika mfano wetu theluthi mbili ni Sh. 184,100, nayo hufikiwa kama siku ya 343. Lakini angalieni, mikataba mingine ya leo imeandikwa kama mkopo wa kawaida, na masharti yake ni mengine. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya karatasi lina maana. Mama anayeombwa kuwa mdhamini, ampelekee mtu asomaye vizuri, mwalimu au mzee wa kanisa aliyefanya kazi ya ofisi, amsomee karatasi yote pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Mdhamini naye aweza kudaiwa. Si kazi ya kutia sahihi tu na kupewa soda.

Haya, gari limefika. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo furaha huwapofusha watu. Dereva ana haraka. Ana mizigo mingine mitatu ya kupeleka kabla ya giza. Anakupa karatasi na kalamu: "Tia sahihi hapa." Usitie. Karatasi hiyo yasema umepokea pikipiki ikiwa kamili na nzima, nawe hujaitazama. Mpe dereva chai, naye atatulia.

Kisha tafuta nambari. Pikipiki ina nambari iliyogongwa katika chuma cha shingo yake, pale usukani unapozungukia. Kwa kawaida ni herufi na tarakimu 17. Ina nyingine iliyogongwa ubavuni mwa injini. Zisome moja moja kwa sauti, na mtoto ajuaye kusoma afuate katika karatasi. Zote ziwe sawasawa, hata herufi ya mwisho. Nambari ya chuma na nambari ya logibuku zikitofautiana, wewe huna pikipiki, una kesi.

Kama imekuja ndani ya kreti, huenda gurudumu la mbele, usukani na vioo vimefungwa kando. Zisifungwe na jirani ajuaye baiskeli. Mwite fundi. Betri nyingine huja kavu, zataka kujazwa na kuchajiwa kwanza. Injini yaweza kuwa haina oili ya kutosha, na mwenye haraka akiiwasha hivyo ameiua siku ya kuzaliwa kwake. Tazama oili, tazama breki zote mbili, tazama mnyororo usilegee wala usikaze mno. Na pikipiki za umeme zinazokuja sasa, uliza swali moja zaidi: betri ni yangu, au ni ya kukodi na kubadilishwa kituoni? Nyingi huuzwa bila betri, na aliye mbali na kituo atakuwa na pikipiki ya kutazama.

Siku hiyo hiyo jirani atakuja. Ana lumbesa mbili za kabichi, na amekuwa akingoja tangu asubuhi. Mwambie hapana, kwa upole. Injini mpya haitaki kulazimishwa kwa mbio wala kwa mizigo mizito katika kama kilomita 500 za kwanza. Vyuma vyake vyasuguana na kuzoeana, na oili ya kwanza hubeba vumbi la chuma. Ndiyo sababu humwagwa mapema. Kijitabu kilichokuja nayo chaeleza ni lini hasa. Kisomeni, hakikuwekwa humo cha kuwashia jiko.

Wengi humwita mchungaji aje aiombee. Ni desturi njema, nami nikiitwa huenda kwa furaha. Lakini kabla sijafumba macho huuliza: helmeti ziko wapi? Naonyeshwa moja, ya dereva, nayo imetundikwa kiooni. Nauliza, na ya abiria? Wanatazamana. Basi naomba kiti, nakaa. Sheria ya Barabarani ilivyorekebishwa mwaka 2012 yataka dereva na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kung'aa, tena abiria awe mmoja. Naona ajabu kumwomba Mungu alinde kichwa ambacho sisi tumekiacha wazi kwa ajili ya kuokoa shilingi chache. Nauliza pia habari ya bima, maana bima ya mtu wa kutembelea mwenyewe si ile ya kubeba abiria kwa malipo, na tofauti hiyo hujulikana siku ya ajali, mama wa abiria akiwa amekaa katika benchi ya hospitali. Na leseni? Kijana aliyejifunza jana jioni katika uwanja wa shule bado si dereva. Nikiisha kuyaona hayo, twaomba, tena twaomba kwa muda mrefu.

Neno la mwisho ni la siku deni litakapokwisha. Katika logibuku jina la mkopeshaji huandikwa pamoja na la mnunuzi mpaka alipwe. Wengi wakilipa shilingi ya mwisho hushangilia, wakasahau kudai barua ya kumaliza deni na kuondolewa kwa jina lile. Miaka miwili baadaye ataka kuiuza, au mwenyewe amefariki na mjane ashika karatasi zenye majina mawili. Risiti zote, na ujumbe wa simu wa malipo, viandikwe katika daftari moja, na daftari hilo likae kwa mama, si chini ya kiti cha pikipiki.

Wakati wetu umekwisha. Kama kwako gari latazamiwa Ijumaa hii, bado kuna siku kadhaa za kukaa jikoni pamoja na yule msichana wa kidato cha pili, na kalamu mkononi. Kwaherini, wapendwa, mpaka juma lijalo.