Lango Kabla ya Kengele: Kuwakinga Watoto Wadogo na Maji ya Uani, Kyela



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua kengele za mabwawa ya kuogelea ya nyumbani. Nitazizungumzia, maana mwenye bwawa, awe na nyumba yake au ya wageni kule ufukweni Matema, anapaswa kujua ananunua nini. Lakini maji ninayoyaogopa zaidi hapa Kyela si yale yenye vigae vya buluu. Naogopa shimo la matofali nyuma ya jiko, kisima kisicho na mfuniko, mfereji wa jaruba, na diaba la kufulia lililoachwa limejaa.

Tuanze na hilo shimo. Bonde letu ni tambarare, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inashuka humu kwenda Ziwa Nyasa, na mvua yetu inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji ya chini ya ardhi yako karibu mno. Mtu akifyatua matofali kiangazi, anachimba udongo hapo hapo kiwanjani, anachoma tanuru, anapandisha ukuta, na shimo linabaki. Hakuna anayelifukia kwa sababu nyumba ndiyo iliyokuwa shida, na nyumba imekwisha. Masika yakiingia linajaa, kingo zinateleza, na maji yana rangi ya udongo wenyewe. Mtoto wa miaka miwili akitumbukia humo, unaweza kusimama ukingoni usimwone. Kwenye bwawa lenye vigae angalau chini kunaonekana.

Jambo la pili ni kimya. Wengi wetu tunadhani mtoto anayezama atapiga kelele. Hapigi. Mdomo uko majini, na pumzi anayoihitaji kwa kilio ndiyo anayoikosa. Mtoto anayejifunza kutembea kichwa chake ni kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akiinamia ndoo akatanguliza kichwa, hawezi kujirudisha. Zikipita dakika nne hadi sita bila hewa, ubongo unaanza kuharibika. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu.

Sasa kengele zenyewe. Iko inayoelea juu ya maji na kulia wimbi linapoitikisa. Iko inayofungwa ukingoni huku kihisi chake kikiwa chini ya maji, nayo hulia msukumo wa maji unapobadilika ghafla. Iko ya mkononi, anayovalishwa mtoto kama saa, inayolia ikilowa. Na iko ya lango au mlango, inayolia mtu anapofungua. Mwaka 2000, Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani ilizipima kengele za mabwawa, na ile yenye kihisi chini ya maji ilifanya kazi kwa uhakika zaidi, bila kulia ovyo kama ile ya kuelea. Kwa upepo wa ziwani na mvua zetu za Aprili, ningemshauri mwenye bwawa Matema achukue hiyo. Kengele inayolia kila upepo ukivuma itazimwa siku ya tatu, na haitawashwa tena. Kisha aongeze ya lango, kwa sababu zote zingine zinalia mtoto akiwa tayari majini, ila hii inalia akiwa bado nchi kavu. Betri aziangalie kila mwezi.

Ufaransa ilitunga sheria Januari 2003 kwamba bwawa la nyumbani lililochimbwa ardhini liwe na kinga mojawapo kati ya nne: uzio, kifuniko, paa, au kengele. Mimi nisingeiweka kengele sawa na uzio. Uzio unamzuia mtoto hata kama wote mmelala. Kengele inamwita mtu mzima, na lazima mtu huyo awepo, asikie, na aweze kukimbia. Msimu wa mpunga, mama yuko jarubani tangu alfajiri, baba yuko kwenye kakao au ziwani, na mtoto ameachiwa dada yake wa miaka minane. Kengele ikilia hapo itamwita nani?

Kwa hiyo nawaomba tuanze na uzio, na vifaa vyake tunavyo. Mianzi tunaijua tangu enzi za nyumba za wazee wetu. Uzio uwe na kimo cha mita 1.2 au zaidi, fito zisimame wima ili mtoto asipate pa kukanyaga, na nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 10. Lango lifunguke kuelekea nje, mbali na maji, na komeo likae juu, mita moja na nusu, kwenye nguzo inayopita kimo cha uzio. Lijifunge lenyewe: tyubu kuukuu ya baiskeli ikifungwa kati ya lango na nguzo inalivuta lirudi, na Kyela hatukosi tyubu za baiskeli. Mtundike hapo njuga au kengele ya ng'ombe, nanyi mna kengele ya lango isiyohitaji betri. Kisima kipate mfuniko mzito ambao mtoto hawezi kuusogeza. Ndoo na diaba vimwagwe maji na kufudikizwa mara kazi inapokwisha.

Kinga iliyobaki ni mlezi, nayo ndiyo ngumu. Bangladesh, nchi ya mpunga na mafuriko kama bonde letu, walianzisha vijijini vituo vya kulea watoto wadogo saa za asubuhi, wakati mama ana kazi nyingi, na vifo vya kuzama kwa watoto waliohudhuria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Sisi tuna Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, na ndani yake vituo vya aina hiyo vina nafasi. Visifunguliwe kwa kufuata kalenda ya shule pekee. Vifuate kalenda ya mpunga.

Mtoto akitolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asikamuliwe tumbo. Alazwe chali, apuliziwe pumzi tano mdomoni, kisha akandamizwe kifua huku mwingine akitafuta usafiri. Hilo linahitaji mafunzo ya vitendo, na naomba zahanati zetu ziyatoe.

Ninyi wenyeviti wa vitongoji mlioko hapa, ombi langu kwenu ni hili: mkirudi, zungukeni nyumba kwa nyumba mhesabu mashimo ya matofali yaliyo wazi. Yasiyo na kazi yafukiwe, yenye kazi yazungushiwe uzio, na hayo yakamilike kabla ya mvua za Aprili.