Mwajiri Anapolalamikiwa kwa Ubaguzi

Msikilizaji, waajiri wengi wakisikia mfanyakazi amewalalamikia kwa ubaguzi, huanza kumwandama yeye: anahamishwa kituo, ananyimwa zamu, mwishowe anaachishwa kazi. Hapo mwajiri amejitengenezea kesi ya pili, na huenda ikawa nzito kuliko ya kwanza.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengineyo. Tena mfanyakazi akishaonyesha misingi ya awali ya madai yake, mzigo wa kuthibitisha humwangukia mwajiri. Kusema tu kwamba si kweli hakutoshi. Ataulizwa, kwa mfano, kwa nini mjamzito ndiye aliyekosa cheo, nani aliamua, na kwa kigezo gani. Kwa hiyo kumbukumbu za usaili, tathmini za utendaji, barua, hata ujumbe wa simu, vyote vitunzwe tangu siku malalamiko yanapoingia. Anayefuta ujumbe huenda anafuta utetezi wake.

Na uchunguzi usifanywe na bosi anayelalamikiwa. Kampuni ndogo zitasema hazina watu. Basi ziombe mtu wa nje.

Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, msuluhishi ana siku 30 za kuzipatanisha pande mbili, labda zenyewe zikubaliane kuongeza muda. Mwajiri asitume karani asiyeweza kuamua lolote. Aende mwenyewe, asikilize, na kama kosa lipo, alirekebishe hapo hapo.